Punguza nobu kwenye Strat: volyumu moja, toni moja, basi

Strat, yaani gitaa la umeme la Stratocaster la kampuni ya Fender, ina nobu tatu (vile vifundo vya kuzungusha), ila muulize mpiga gitaa yeyote wa kwaya au wa bendi anatumia ngapi, atakwambia moja, ile ya volyumu, hizo mbili za chini zinakaa kwenye kumi mwaka mzima. Na kinachoudhi ni kwamba kwa waya za asili, zile Fender walianza nazo 1954 na kopi nyingi zikafuata, toni ya kwanza ni ya pikapu (ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ya shingoni, ya pili ni ya katikati, afu ile ya kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, inayochoma masikio ndo haina toni kabisa! Kwa hiyo hapa tunabakiza volyumu moja na toni moja inayoshika pikapu zote tatu.

Vifaa ni vya fundi redio tu. Pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 hivi, ile ndogo ya 25 itakutesa mgongoni mwa poti (kile kidude kilicho chini ya nobu) mana kile chuma kinanyonya moto wote. Risasi nyembamba ya 60/40 yenye dawa ndani, msasa, waya mwembamba, bisibisi ya nyota na mita. Ile asidi ya mafundi rejeta usiiguse, itakula waya taratibu na utakuja kujua baadae.

Toa nyuzi, fungua skrubu za plastiki ya mbele, kawaida ziko 11, afu igeuze polepole mana kuna waya mbili zinaenda kwenye jeki na mwingine mmoja unapenya kwenye mbao kwenda nyuma kwenye springi. Huo wa springi ndo ethi ya nyuzi, yaani waya wa ardhi, ukikatika bila wewe kujua gitaa litavuma na utalaumu pikapu bure. Tandika boksi juu ya bodi risasi ya moto isidondokee rangi. Na kabla hujagusa chochote piga picha, nyingi, za karibu.

Sasa swichi. Ile swichi ya njia tano ni swichi mbili zilizobanwa pamoja, kila moja ina miguu minne. Ya kwanza inapokea waya tatu za pikapu na mguu wake wa nne unapeleka sauti kwenye volyumu. Ya pili kazi yake ni kuchagua toni tu, haina lingine. Kwenye swichi za gitaa za bei rahisi miguu yote nane inakuwa mstari mmoja lakini mpango ni uleule. Hiyo ya pili ndo tunaiua: toa waya mbili zinazoenda kwenye toni, toa na kile kipande kinachounganisha swichi mbili. Ila angalia hapa, gitaa zingine waya wa volyumu umefungwa kwenye upande wa toni na sauti inapita kwenye hicho kipande, ukikitoa bila kuuhamisha waya upande wa pikapu unabaki na ukimya.

Volyumu ina miguu mitatu, mmoja wa pembeni umekunjwa na kulehemiwa mgongoni, huo ni ethi, wa kati unaenda kwenye jeki, na wa pembeni mwingine ndo unapokea kutoka kwenye swichi. Kwenye huo unaopokea ongeza waya mmoja mpya hadi mguu wa pembeni wa toni, uleule uliokuwa na waya wa swichi. Kapasita, kile kidude kinachokata ukali wa sauti, iwe kati ya mguu wa katikati na mgongo wa poti hiyohiyo. Yenye namba 223 inakata ukali kiasi, ya 473 inakata zaidi. Migongo ya poti zote iungane kwa ethi, na kabla ya kulehemu mgongoni piga msasa kwanza. Ukilazimika kununua poti mpya chukua 250K herufi A, ya 500K ni ya gitaa zenye hambaka, yaani pikapu za koili mbili.

Poti ya tatu iache palepale bila waya izibe tundu. Au fanya hivi, mimi napenda zaidi: hamishia volyumu tundu la katikati na toni tundu la mwisho, nobu ya karibu na nyuzi ndo iwe mfu, mana kidole kidogo huwa kinaigonga ukipiga kwa kasi.

Sauti itabadilika kidogo. Briji inalainika hata toni ikiwa kumi kwa sababu sasa imebeba poti ambayo haikuwa nayo, afu shingo na katikati zikipigwa pamoja zinang'aa kidogo mana zamani zilibeba toni mbili. Kuna wanaoondoa toni yote, Eddie Van Halen, yule mpiga gitaa wa roki, gitaa lake lile la mistari lilikuwa na nobu moja tu ya volyumu, tena imeandikwa TONE! Kwake sawa. Kwa anayepiga ukumbi tofauti kila wiki naona ni kujitesa, utakuwa unakimbilia kwenye ampu kila wimbo.

Usifunge kabla hujapima. Chomeka kebo, volyumu mpaka mwisho, weka mita kwenye ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu moja moja zisome kama kilo-ohm 5 mpaka 7, zile nafasi za mbili pamoja karibu nusu yake. Ikisoma sifuri kuna waya umegusa ethi. Ikisoma kilo-ohm 250 na kitu, pikapu hiyo haijafika kwenye volyumu, rudi kwenye swichi. Zikikaa sawa chomeka ampu, gonga kila pikapu na bisibisi usikie tok, zungusha toni. Ikifanya kazi kinyume hamishia waya mguu wa pembeni wa upande wa pili. Na kama mvumo unazidi ukishika nyuzi badala ya kupungua, basi waya mbili za jeki zimepishana.