Kabla kiangazi hakijakaza: miti mikubwa ya uani kwetu Mwanza

Masika ikikatika mwishoni mwa Mei, Mwanza nzima hukumbuka maji ya watu. Simtanki linasafishwa, koki inayovuja inabadilishwa, madumu yanapangwa kibarazani. Mwembe wa uani haukumbukwi na mtu. Umekuwepo kabla ya nyumba, umeyapita majua ya kila namna, nani aanze kuuonea huruma leo? Na ni kweli, jua peke yake haliuui. Miti mikubwa niliyoiona ikifia kwenye viwanja vya watu, mingi iliuawa na kazi zetu wenyewe za kiangazi, halafu ikachukua mwaka mzima au zaidi kukauka, kiasi kwamba aliyeiua alishasahau alichofanya. Kwa hiyo maandalizi mengi ninayoyataja hapa ni ya kujizuia.

Anza kwa kujua mti wako unaishia wapi. Wengi wetu tuna picha kichwani ya mzizi mmoja mnene ulioshuka chini kama nguzo ya umeme. Ukweli ni kwamba mizizi inayonyonya maji na chakula iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 60 za kwanza, nayo imetambaa hadi kuvuka ncha za matawi. Huku kwetu hata hizo sentimita 60 ni anasa. Kwenye miinuko ya Isamilo au Bugando unachimba udongo kidogo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, jembe linagonga jabali. Mti umejipenyeza kwenye nyufa za mawe na kujishikiza hapo. Saa sita mchana toka nje uangalie kivuli chake (mwezi Juni kitaegemea kusini kidogo, kwa sababu jua liko kaskazini yetu). Eneo lote la kivuli hicho, na hatua mbili tatu za ziada, ni mti. Weka mawe ya alama.

Alama hizo zina kazi, kwa sababu kiangazi ndio msimu wa kujenga. Lori la mchanga linamwaga chini ya mwembe kwa kuwa ndipo penye nafasi. Zege linachanganywa hapohapo kwa kuwa ndipo penye kivuli, na maji ya saruji yanaachwa yazame. Udongo unashindiliwa na matairi hadi unakuwa kama sakafu. Mizizi inapumua, inahitaji hewa iliyomo katikati ya chembe za udongo, na ikikosa hewa inakufa hata kama maji yapo. Waliokaa karibu na ufuko mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kuvuka kina cha mwaka 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee, wanajua mti unaweza kukauka huku umesimama ndani ya maji. Kushindilia udongo ni balaa lilelile, kwa njia nyingine.

Mama yangu mkubwa, kule Nyegezi, alipanga vitofali vya pevingi ua mzima mwezi Julai, vikabana shina la mparachichi pande zote. Ua ulipendeza kweli. Mwaka uliofuata mti ukaanza kukauka kuanzia kileleni, na kila fundi aliyepita akataja ugonjwa wake. Kama lazima uweke pevingi, acha duara pana la udongo wazi kuzunguka shina, mita mbili kila upande ikiwezekana, na vitofali vya nje yake viwekwe juu ya mchanga bila kuzibwa kwa zege katikati. Mtaro wa bomba ukikutana na mzizi mnene kama mkono, chimba chini yake upitishe bomba hapo. Mvivu ataukata, na siku ya upepo mti utakosa cha kuushikilia upande huo.

Sasa maji. Hapa watu hupoteza nguvu nyingi bure. Mwembe mkubwa, mkwaju, mwarobaini na mjohoro uliokomaa havihitaji ndoo yako. Mwembe hasa, ukavu wa katikati ya mwaka unausaidia kutoa maua. Ukiunyeshea sana kipindi hicho unakupa majani. Okoa maji yako kwa ajili ya mparachichi, ambao mizizi yake iko juu mno, kwa miche isiyozidi miaka mitatu, na kwa mti wowote uliojeruhiwa mizizi. Kipimo ni chepesi: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mparachichi wenye kivuli cha mita 5 kukatisha unafunika kama mita 20 za mraba. Kuupa milimita 20 ni lita 400, yaani madumu 20. Ni mengi, lakini ni ya wiki mbili au tatu. Afadhali hayo kwa mpigo, polepole, kuliko kikombe cha kila jioni kinachoishia juu na kuifundisha mizizi kukaa juu. Yamwagwe kwenye ukingo wa kivuli, maana shinani mizizi ya kunyonya ni michache. Kesho yake chomeka nondo nyembamba: inapoteleza kirahisi ndipo maji yalipofika.

Maji ya kusuuzia nguo yanafaa, ila ya povu la kwanza yamwage kwingine, na usielekeze mti mmoja kila siku, maana chumvi ya sabuni hujikusanya na mvua ya kuisafisha iko mbali. Kwenye mteremko panga kingo ya mawe yenye umbo la mwezi mchanga upande wa chini wa mti. Ifanyike kabla ya vuli ya Oktoba, ili mvua za kwanza zisiteleze zote hadi ziwani.

Majani yanayoanguka yaache palepale. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10 chini ya kivuli, lakini yasiguse shina. Acha kiganja kimoja. Najua pingamizi: mchwa. Mchwa wengi wanakula kilichokufa, na ile tope unayoiona imepanda kwenye gome, ikwangue uone chini yake. Gome likiwa bichi, wanakula magamba makavu tu, waache. Likibonyea, tatizo lilikuwepo kabla yao. Oili chafu ya gereji wanayomwaga watu shinani inaua udongo na mizizi, na mchwa wanahamia upande wa pili. Kuhusu kufagia majani na kuyachoma chini ya mti kila asubuhi, sitasema mengi: chini ya gome ndiko uhai wa mti unakopita, na joto la moto linafika huko bila hata gome kuungua. Kamba ya mbuzi na waya wa kuanikia nguo nazo zifunguliwe, zinakaba kidogokidogo.

Ukataji wa matawi ufanyike kabla dhoruba za vuli hazijaanza, isipokuwa mwembe: huo subiri uvune kwanza. Ondoa makavu, yanayosuguana na yanayolalia bati, basi. Usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima kwa msimu mmoja. Fundi akikuambia "tuufyeke kichwa, utachipua", mlipe nauli aondoke. Utachipua kweli, lakini machipukizi hayo yameshikilia juujuu kwenye kidonda kinachooza, na miaka michache baadaye ndiyo yanayodondokea magari. Tawi zito likatwe kwa hatua tatu: chale kwa chini mbali kidogo na shina, kisha kata kwa juu mbele ya chale ili tawi lianguke bila kuchuna gome, mwisho ondoa kisiki nje kidogo ya uvimbe ule pale tawi linapotokea. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Usiupunguze, wala usiupake rangi. Matawi yaliyokaribia nyaya ni ya TANESCO, si yako wala ya kijana mwenye panga. Na kama umeamua kuuangusha mti wote, pitia kwanza ofisi ya mtaa uulizie kibali.

Radi na upepo mkali huweza kuja usiku. Wiki moja kabla ya vuli zunguka shina taratibu, ukitafuta uyoga uliota kwenye kitako, ufa panapogawanyika matawi makubwa, au udongo ulioinuka upande mmoja huku mti umeegemea mwingine kuliko ulivyokuwa mwaka jana. Uyoga au ufa, tafuta mtu anayejua kabla ya mvua. Udongo ukiwa umeinuka, hamisha kitanda cha watoto upande wa pili wa nyumba usiku huohuo, fundi atafutwe asubuhi.