Mtandao wa Ndani Unapopungua Kasi: Anzia kwenye Kebo

Kwanza, pima kasi baina ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwenye swichi moja (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo), ukitumia programu ya iperf3. Sipendekezi kupima kwa kunakili faili, kwa sababu diski inaweza kuwa ndiyo inayochelewesha. Kiungo kisicho na hitilafu cha gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) hutoa takriban megabiti 940 kwa sekunde. Matokeo yakigota kwenye 94, kiungo kimeshuka hadi megabiti 100.

Pili, thibitisha kasi hiyo ya kiungo kwa ethtool, amri ya Linux inayoonyesha hali ya kadi ya mtandao.

Tatu, kagua kebo, na hapa usiwe na haraka. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya, ilhali megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo, waya mmoja wa kahawia ukikatika, mara nyingi mawasiliano hayakatiki, bali hupungua kasi, na mtumiaji huishia kushuku kila kitu isipokuwa kebo. Weka kebo nyingine unayoiamini. Kasi ikirudi, bana plagi upya pande zote mbili kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zingatia kwamba jozi ya kijani hugawanyika na kukaa pande zote mbili za jozi ya buluu, kwenye pini 3 na 6. Anayepanga rangi jozi baada ya jozi, hata akifanya hivyo kwa usawa kwenye ncha zote, atawasha taa zote nane za kipima kebo, lakini ishara zitaingiliana na data itaharibika njiani. Kipima cha taa hakitambui kosa hilo, kwa kuwa hupima tu kama waya umefika. Tazama rangi kwa macho kupitia plastiki ya plagi. Usifumue msokoto wa nyaya zaidi ya milimita 13, na uepuke kabisa kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo hukatika upesi zinapokunjwa.

Nne, acha kadi ya mtandao na swichi zikubaliane zenyewe kuhusu kasi. Upande mmoja ukilazimishwa megabiti 100 za kutuma na kupokea kwa pamoja, ule mwingine hujiweka katika hali ya kupokezana, na migongano huanza.

Mwishowe, pima tena, kisha angalia hesabu ya makosa ya CRC (ukaguzi unaogundua data iliyoharibika njiani) kwa ethtool -S. Ikiendelea kupanda wakati data inapita, rudi kwenye plagi.