Mgogoro wa Mpaka na Jirani: Anza kwa Kutafuta Bikoni

Hapa Nairobi, ugomvi wa mpaka mara nyingi huzuka siku jirani anapomwaga mawe na mchanga wa kujengea ukuta. Kabla ya kumlaumu, hakikisha kwamba wewe mwenyewe unajua mpaka ulipo. Katika viwanja vilivyopimwa kwa bikoni, yaani alama za mpaka zinazosimikwa ardhini kwenye pembe za kiwanja, ukuta wa zamani au ua wa michongoma hauthibitishi lolote, kwani huenda aliyeuweka alikisia tu.

Toa hatimiliki pamoja na ramani ya upimaji, kisha uombe taarifa rasmi za usajili wa kiwanja kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Baada ya hapo tafuta mpima ardhi mwenye leseni.

Usimlete mpima huyo kwa kuvizia. Mwendee jirani jioni akiwa ametulia, umwambie: "Mama Achieng', Jumamosi mpima anakuja kutuonyesha bikoni. Naomba uwepo, na kama una mpima wako, aje naye." Naona hatua hii ina uzito kuliko barua yoyote ya wakili, kwa sababu ni vigumu mtu kuyapinga matokeo ya kazi iliyofanyika mbele ya macho yake. Mara nyingi bikoni haijang'olewa, imefukiwa tu. Mpima akishapata vipimo, udongo huchimbwa taratibu hadi jembe ligonge zege, na katikati yake kionekane kichwa cha nondo chenye kutu. Mkikubaliana hapo, andikeni makubaliano na mtie sahihi mbele ya mashahidi.

Chifu au wazee wa mtaa wanaweza kuwapatanisha, lakini hawana mamlaka ya kuuhamisha mpaka uliosajiliwa. Mkishindwana, peleka ombi kwa Msajili wa Ardhi, ambaye huwaarifu wahusika na kuwasikiliza kabla ya kuamua. Usiruke hatua hii, kwa maana kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujabainishwa kwa utaratibu wa kifungu hicho. Asiyeridhika baadaye ana Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pale Milimani.

Wakati wote huo usibomoe ukuta wala usiguse bikoni, hata ukiamini imewekwa pasipofaa, kwa kuwa kuiondoa au kuiharibu bila idhini ni kosa la jinai. Ipige picha ilipo, pamoja na kazi yoyote ya ujenzi inayoendelea kando yake, na uandike tarehe.