Somo: Kuunganisha michoro kwa marejeo ya nje na kupanga leya kwenye AutoCAD

Ndugu wachoraji, habari za kazi. Wiki hii nimeulizwa mara tatu jambo lilelile: mtu kachora ramani kwenye AutoCAD, programu yetu ya kuchorea kwenye kompyuta, kaipeleka kuprinti, mashine imetoa karatasi ya A1 safi kabisa, kuta zipo, milango ipo, lakini nguzo hakuna hata moja. Na mimi yalinikuta nilipoanza kazi. Nilisimama kwenye duka la kuprinti, foleni nyuma yangu, nikatazama kioo cha kompyuta yao: palipotakiwa kuwa na nguzo palikuwa na mstari mmoja wa maandishi tu, unaotaja njia ya faili iliyoanza na E:\. Hiyo E ilikuwa fleshi yangu, niliyoiacha ofisini. Mkononi nilikuwa na faili moja tu, na kesho yake asubuhi fundi alikuwa anaisubiri ramani hiyo apige kamba za msingi.

Rejeo la nje, wengi tunasema eksirefu, ni mchoro unaouona ndani ya mchoro wako ilhali haujahamia humo. Faili yako inatunza jina lake na njia ya kuufikia, basi. Msanifu anachora kuta, mhandisi anachora nguzo na boriti, wa umeme anachora taa na soketi, na kila mmoja anamtazama mwenzake kupitia marejeo. Naomba mlishike hili kabla ya hatua yoyote: kitu kinachorwa mara moja, na mwenyewe ni mmoja. Ukizikopi nguzo za mhandisi ukazibandika kwako, sasa mna nguzo seti mbili. Siku akiisogeza nguzo ya C3, ile ya makutano ya mstari C na mstari 3, kwa milimita 300, ya kwako itabaki palepale na hakuna atakayekustua.

Tutumie mfano wa jengo la ghorofa nne. Tuna GRIDI.dwg (mistari ya kupangia nguzo na kuta), KUTA-01.dwg, NGUZO-01.dwg na UMEME-01.dwg. Halafu tuna A-101.dwg, ambayo ndiyo karatasi tunayoprinti: ina fremu na jina la mradi, na kila kingine ndani yake ni rejeo.

Hatua ya 1: Folda kwanza

Fungua folda moja ya mradi. Ndani yake weka folda ya marejeo na folda ya karatasi. Faili zote za mradi zikae humo, zote kwenye diski moja, kwa sababu njia fupi (Relative path) ninayoieleza hapo chini haivuki kutoka diski C kwenda D. Na mkishakubaliana jina la faili, msilibadilishe. Wale wa KUTA-01-mpya-FINAL-2.dwg ndio wanaoua marejeo ya watu: jina likibadilika, kila mchoro unaolitafuta lile la zamani unakosa.

Hatua ya 2: Vipimo na sifuri

Kila faili iwe na kipimo kimoja. Andika UNITS, chagua milimita, na mwenzako afanye hivyohivyo. Faili moja ikiwa ya mita na nyingine ya milimita, jengo linaweza kuingia likiwa dogo mara 1000, ukadhani halijaingia kabisa kumbe liko pale kama punje ya mchele karibu na sifuri, yaani nukta ya 0,0 ya mchoro.

Kisha kubalianeni sifuri iko wapi. Mimi huiweka pale mstari wa gridi A unapokutana na mstari wa gridi 1, na GRIDI.dwg inachorwa kabla ya mchoro mwingine wowote. Sifuri ikishawekwa, hakuna anayeruhusiwa kulisogeza jengo ndani ya faili yake, hata kama kwenye karatasi linaonekana limekaa upande. Karatasi ina dirisha lake linaloonyesha mchoro, lisogeze hilo.

Hatua ya 3: Leya kabla ya mistari

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Leya ni tabaka la mchoro lenye rangi na mstari wake, unaloweza kulionyesha au kulificha peke yake. Jina la leya lianze na herufi ya fani: A ya usanifu, S ya miundo, E ya umeme, P ya mabomba. Kisha kitu chenyewe: A-WALL, A-DOOR, S-COLS, E-LITE. Ni mtindo wa Marekani, na ISO 13567 nayo ina utaratibu wake. Kuna ofisi zinazotumia A-UKUTA na A-MLANGO, na sioni ubaya wowote ikiwa fani zote nne zinaelewana. Kibaya ni mradi mmoja kuwa na A-WALL, Ukuta, kuta mpya na Layer1.

Rangi, aina ya mstari na unene vyote viwe ByLayer, yaani vifuate leya. Ukuta usipakwe rangi kwa mkono. Ukiupaka nyekundu moja kwa moja, wa umeme atakapotaka kuzififisha kuta zako ziwe kijivu ili taa zake zionekane, ukuta wako utamgomea, utabaki mwekundu. Kama umerithi mchoro wa namna hiyo, amri ya SETBYLAYER inasafisha vitu vyote kwa mkupuo.

Leya 0, iliyopo kwenye kila mchoro, iache tupu. Kuna sababu: leya za rejeo zinapoingia kwako zinakuja na jina la faili yao mbele, mfano KUTA-01|A-WALL, kwa hiyo unajua kipi ni cha nani. Leya 0 haina ubini huo. Vitu vyake vinachanganyika na leya 0 ya kwako, na huwezi tena kuvitenga. Leya ya Defpoints, inayotengenezwa na AutoCAD yenyewe, nayo usichoree chochote unachotaka kuprinti, maana haitoki kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Kuita rejeo

Hifadhi kwanza mchoro wako kwenye folda ya mradi. Tengeneza leya ya kuwekea marejeo, mimi naiita X-REJEO, uifanye ndiyo leya unayotumia wakati huo. Andika XREF, litafunguka dirisha la pembeni. Bofya Attach DWG, chagua faili. Kwenye kisanduku kinachotokea angalia mambo matatu:

Aina ya rejeo: Overlay. (Sababu iko kwenye swali la kwanza hapo chini.)

Njia: Relative path. Tangu AutoCAD 2018 hili ndilo linalokuja lenyewe, lakini kwenye matoleo ya nyuma lilikuwa Full path, na hiyo Full path ndiyo iliyoniaibisha dukani. Relative path inasema "panda folda moja, ingia ya marejeo", kwa hiyo folda nzima ukiihamishia kompyuta yoyote inafanya kazi.

Mahali: ondoa alama zote za kuchagua kwenye kioo. Liingie 0,0,0, skeli 1, mzunguko 0.

Likishaingia, ifunge leya ya X-REJEO kwa kufuli ili mtu asilisogeze jengo kwa bahati mbaya. Usiigandishe (Freeze), maana ukiigandisha leya lilimowekwa, rejeo lote linapotea machoni.

Hatua ya 5: Kuzitawala leya za mwenzako

Andika VISRETAIN, mpangilio unaotunza mabadiliko yako kwenye leya za rejeo, iwe 1. Sasa unaweza kuzifanya kuta za msanifu kijivu, rangi namba 8 au 252, ukagandisha samani zake zote, na faili yake haiguswi hata kidogo. Kwenye karatasi, ingia ndani ya dirisha la mchoro na utumie safu ya VP Freeze kwenye orodha ya leya, inayogandisha leya ndani ya dirisha hilo tu: dirisha la umeme ligandishe mabomba, la mabomba ligandishe taa. Mchoro mmoja unatoa karatasi tatu.

Hatua ya 6: Kutuma

Usitume A-101 peke yake. Andika ETRANSMIT. Inakusanya karatasi, marejeo, fonti na faili ya unene wa kalamu kwenye zip moja. Kabla ya kutuma, ifungue zip hiyo kwenye folda nyingine kabisa, ikiwezekana kompyuta nyingine, uone kama kila kitu kimekuja. Ni dakika mbili.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi wa usanifu, mwaka wa tatu: Shikamoo mwalimu. Attachment na Overlay sijawahi kuona tofauti yake. Zote zinaonekana sawa.

Marahaba. Kwako zitaonekana sawa, tofauti anaiona atakayekuita wewe. Tuseme UMEME-01 imeita KUTA-01 kwa Attachment. Msanifu akiiita UMEME-01 kwenye karatasi ambayo tayari ina KUTA-01 ili aone taa, anapata taa pamoja na kuta zake mwenyewe juu ya kuta zake. Na akiiita ndani ya KUTA-01 yenyewe, faili zinaitana, na programu inalalamika kwamba kuna mzunguko. Kwa Overlay, kuta zinaishia kwako, hazimfuati anayekuita. Attachment naitumia pale tu ninapotaka kifurushi kiende pamoja.

Mchoraji, Dodoma: Kaka, nabadilisha rangi ya leya za rejeo, nahifadhi, kesho nikifungua zimerudi za mwenyewe. Na kuna ukuta mmoja haubadiliki hata nifanyeje.

Hayo ni magonjwa mawili. La kwanza ni VISRETAIN kuwa 0, programu inasoma upya rangi za mwenye faili kila ukifungua. Iweke 1 ndani ya mchoro huo, kisha urudie rangi zako mara ya mwisho. La pili ni ule ukuta uliopakwa rangi kwa mkono. Dawa ya kudumu ni mwenye faili ausafishe kwa SETBYLAYER. Kama hapatikani, matoleo mapya yana XREFOVERRIDE, ukiiweka 1 vitu vya rejeo vinalazimika kufuata leya.

Fundi sanifu wa mabomba: Nimefuta rejeo kwa Delete lakini bado liko kwenye orodha. Jingine nikitaka kuliondoa linakataa kabisa.

Kufuta ni kuondoa picha tu, usajili wake unabaki. Nenda kwenye dirisha la XREF, bofya jina kwa kitufe cha kulia, chagua Detach. Hilo linalokataa lina mzazi: limeingia kwa mgongo wa rejeo jingine. Dirisha hilohilo lina muonekano wa mti, utamwona mzazi wake ni nani. Fungua faili ya mzazi, liondoe humo, hifadhi, kisha urudi kwako ufanye Reload.

Mchoraji, Mombasa: Mimi leya zote nazizima tu, kugandisha situmii. Kuna hasara?

Ipo, tena inauma. Leya iliyozimwa huioni, lakini ukiandika ERASE kisha ALL, vilivyomo vinafutika pamoja na vinavyoonekana. Iliyogandishwa haiguswi. Kwenye mchoro mzito kugandisha kunaipunguzia pia kompyuta mzigo. Kuzima ni kwa jambo la dakika moja.

Dada mmoja wa ofisi ya ushauri: Mteja amesema anataka faili moja, hataki zip wala folda. Nifanyeje?

Dada, tengeneza kwanza kopi ya karatasi, kisha kwenye kopi hiyo tumia Bind, inayoyaingiza marejeo ndani ya faili yenyewe. Utapewa njia mbili, Bind na Insert. Ukichagua Bind, KUTA-01|A-WALL inakuwa KUTA-01$0$A-WALL, kwa hiyo bado unajua kila kitu kilitoka wapi. Ukichagua Insert, ubini unaondoka na kila kitu kinamwagikia A-WALL ya kwako. Orodha inakuwa safi, ila leya mbili za jina moja zikikutana, rangi ya kwako ndiyo inayoshinda. Kwa mteja mimi natumia Bind. Kopi hiyo iandike tarehe kwenye jina lake, uitume, na usichore tena ndani yake. Marekebisho yakija, yafanye kwenye faili za mradi, kisha utoe kopi nyingine.