"Mbona hukuondoka?" Namna ya kuamua kama utabaki kwenye shirika la ndege la kikanda

Swali huja tukishafika juu na redio imetulia. Rubani msaidizi anajikohoza kidogo, halafu anasema: "Kapteni, samahani nikuulize. Wewe mbona hukuondoka kwenda shirika kubwa?"

Nina miaka 46. Kwa miaka 17 nimerusha ndege za shirika la kikanda, yaani ndege za viti 50 hadi 80 hivi, safari za saa moja moja, nikiwapeleka abiria kwenye viwanja vikubwa wakapande ndege kubwa. Zamani nilikuwa najibu kwa mzaha. Siku hizi namwambia atoe karatasi.

Aanze na umri wake, kisha aandike miaka iliyobaki hadi 65. Huo ndio ukomo ambao ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, iliuweka mwaka 2006 kwa marubani wa safari za kimataifa za abiria, na Marekani ikaufuata mwishoni mwa 2007. Miaka hiyo ina uzito kwa sababu katika mashirika mengi mambo yako hayaamuliwi na umahiri, yanaamuliwa na tarehe uliyoajiriwa. Namba yako kwenye orodha ya ukongwe ndiyo inayochagua ndege utakayorusha, kituo chako, likizo yako, na kama sikukuu itakukuta nyumbani au hotelini. Namba hiyo haihamishiki. Kapteni mwenye miaka 20 kazini akienda shirika jingine anapanga foleni nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita.

Mwenzangu mmoja, rika langu, tuliyeajiriwa naye siku moja, aliondoka tukiwa na miaka 34. Nikimfuata leo atakuwa mbele yangu kwa miaka 12, nami nitakuwa nimebakiwa na 19. Ningepata ndege kubwa, ndiyo. Ukapteni wa ile kubwa kabisa, ya safari za kuvuka bahari, huenda ningestaafu sijaugusa. Kwa hiyo mwenye miaka 28 na mwenye miaka 46 wakiniuliza swali hili siwapi jibu moja, na wewe usikubali jibu la mtu ambaye hajakuuliza umri.

Sasa geuza karatasi uhesabu usiku. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, na mimi nilijidanganya miaka mitatu mizima. Nilikuwa kwenye zamu ya akiba: simu mkononi, begi mlangoni, hujui kama leo utaruka au utakaa tu. Tena nilikuwa naishi mbali na kituo, kwa hiyo nilipanda ndege kama abiria ili nifike kazini, na mara kadhaa nilikosa kiti. Nilikuwa nikisema, "Kwenye shirika kubwa wanalala makwao." Nilichokuwa nakifanya ni kulinganisha mwaka wangu wa pili hapa na mwaka wa 15 wa mtu wa kule. Ningehamia, ningerudi kwenye akiba upya, simu ileile na begi lilelile.

Linganisha mwaka wa tano kwa mwaka wa tano. Chukua ratiba yako ya miezi 12 iliyopita, hesabu usiku uliolala kitandani kwako. Kisha mtafute mtu aliyeondoka ambaye sasa ana namba unayoweza kuipata wewe ndani ya miaka mitano, umwombe ahesabu wake. Usimuulize kama anafurahi, maana kila mtu atasema anafurahi. Muulize usiku. Mwaka jana mimi nililala kwangu usiku 219. Mwenzangu, mwenye miaka 12 kule, alilala 190, ila siku zake za mapumziko zinakuja kwa mkupuo, wiki nzima hivi. Nani kati yetu amefaidi? Inategemea kama una mtoto wa kupeleka shule au shamba la kusimamia.

Na ukiamua kubaki, hamia karibu na kituo. Hilo sitakubishania. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, shirika la kikanda la Marekani, aina ya Dash 8 Q400, ilianguka karibu na mji wa Buffalo, watu 50 wakafa. Uchunguzi ulisema kapteni aliitikia vibaya onyo kwamba mabawa yalikuwa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Lakini ulifichua pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha, kutoka upande mmoja wa Marekani hadi mwingine, ili afike kazini. Baada ya ajali ile Marekani ikapandisha kima cha chini cha saa za kuruka kwa marubani wasaidizi hadi 1,500 kwa wengi wao, kuanzia 2013, na kanuni za mapumziko zikabadilishwa. Sheria inakupa saa za kulala, lakini safari yako kutoka nyumbani hadi kituoni haihesabiwi kuwa kazi. Hiyo ni juu yako.

Sasa lichunguze shirika lenyewe kama vile ungeichunguza nyumba kabla ya kuhamia. Swali langu la kwanza ni: abiria ni wa nani? Marekani mashirika mengi ya kikanda hayauzi tiketi. Shirika kubwa ndilo linalopanga njia, nauli na ratiba, linapaka ndege rangi zake, kisha linalilipa dogo kwa kuzirusha. Mkataba ukiisha, abiria wanabaki kwa mwenyewe, na wewe unabaki na sare. Comair, iliyomilikiwa na Delta, ilifungwa Septemba 2012. Compass na Trans States zote zilifungwa Aprili 2020. Flybe ya Uingereza iliuza tiketi zake yenyewe na bado ikaanguka Machi 2020, ikafufuliwa, ikaanguka tena Januari 2023. Kapteni aliyetumikia miaka 25 kwenye shirika kama hilo anaamka asubuhi akiwa na namba ya mwisho kwenye orodha ya mtu mwingine.

Yapo pia mashirika ya kikanda yaliyozeeka vizuri. Widerøe ya Norwei inaruka tangu 1934, na Dash 8 zake zinatua kwenye viwanja vya njia ya mita 800 hivi ambako ndege kubwa hazina la kufanya. Huko mtu anaweza kustaafu bila kuitwa aliyeshindwa kuondoka. Kwa hiyo uliza: mkataba unaisha mwaka gani? Wapo wateja wakubwa wangapi, mmoja au watatu? Ndege ni za nani? Na uliza kama shirika linaruhusiwa kukua. Marekani mikataba ya marubani wa mashirika makubwa huzifungia ndege za kikanda kwenye viti 76, kwa hiyo usitegemee kwamba shirika lako litakuletea ndege kubwa ulipo.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema kidogo, maana jibu unalo tayari. Rubani anatakiwa awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ndipo aruhusiwe kubeba abiria, na wapo wa safari ndefu wanaolazimika kuingia kwenye simulata, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, ili watimize hizo tatu. Mimi nina siku ninazoruka safari tano. Ndege za pangaboi hazipandi juu sana, kwa hiyo mvua na barafu ya mabawani tunakutana navyo uso kwa uso. Kama safari ya nne inakufanya unune, ondoka. Mimi safari ya nne ndiyo ninayotua vizuri kuliko zote, sijui kwa nini.

Limebaki jambo ambalo wengi hulikwepa: omba kazi kule. Nilipiga domo kuhusu ndege kubwa hadi mke wangu akaniambia, "Usiniletee tena habari hizo kama hujajaza fomu." Nikajaza nikiwa na miaka 33, wakanikataa. Huo mwaka nilikuwa nawaambia watu kwamba nimechagua kubaki, na ulikuwa uongo. Niliomba tena nikiwa na 36, wakanikubali. Barua ilinipa siku saba.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nimeshaondoka kichwani. Ya tatu nikatoa ratiba na kuhesabu usiku. Ya nne nikampigia mwenzangu, yeye akiwa kwenye akiba mwaka wa pili. Ya tano tukakaa na mke wangu, tukaandika kitakachotokea shirika langu likifungwa, na tutakachohitaji: akiba ya fedha ya miezi minane, shahada ambayo sikuwa nimeimaliza, bima ya kipato endapo daktari atanizuia kuruka. Vitatu hivyo nilikuwa sina hata kimoja. Nikajibu hapana, kisha miaka mitatu iliyofuata nikavitafuta vyote. Hadi leo saa zangu za kuruka naziandika kila jioni kana kwamba kesho nina usaili.

Mara nyingi nikifika hapo tunaitwa tuanze kushuka. Kijana anakunja karatasi anaitia mfukoni. Namwambia safari hii anatua yeye.