Raleigh ya zamani, gia za leo: baiskeli ya mtumba na mlima wa Marangu

Kutoka Moshi hadi Himo barabara haina ugomvi na mtu. Unakanyaga pedali huku unasalimia watu. Ukikata kushoto pale Himo kupanda Marangu, ndipo unapoijua baiskeli yako. Yangu ni Raleigh ya mbio ya miaka ya 1980, niliinunua mtumba kwa shilingi 180,000, na mlima ule uliniingia magotini. Mbele ilikuwa na sproketi za meno 52 na 42. Nyuma ilikuwa na friwili ya gia sita, na gia yake nyepesi kuliko zote ilikuwa na meno 24 tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo hesabu niliipiga nimekaa kando ya barabara, nahema. Gawanya 42 kwa 24, unapata 1.75. Zidisha kwa mzingo wa tairi, ambao kwa tairi zile ni kama mita 2.16. Kila pedali inapozunguka mara moja, mimi na baiskeli tunatakiwa tupande karibu mita 3.8. Ujanani labda. Sasa hivi nilitaka mita mbili na kitu.

Basi nikaamua kuibadilisha, ila fremu ibaki. Ilinichukua likizo mbili, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kununua vitu kabla ya kupima. Wewe anza na vipimo.

Sumaku na venia

Weka sumaku kwenye fremu. Ikishika, hicho ni chuma, na chuma kinakubali kupindwa kidogo kikabaki salama. Isiposhika, huenda ni alumini, na fremu ya alumini haipanuliwi. Iache na vipuri vyake. Yangu ilikuwa na stika iliyochubuka ya Reynolds 501. Reynolds ni watengenezaji wa mabomba wa Birmingham. Bomba lao maarufu, 531, lilitoka mwaka 1935, na hili la 501 ni mdogo wake wa miaka ya themanini. Ukiiona stika ya namna hiyo kwenye banda la mitumba, usichangamke mbele ya muuzaji.

Halafu chukua venia, ile rula ya chuma yenye taya, pima bomba la chini linalobeba ekseli ya pedali, upana wake toka ukingo hadi ukingo. Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Kipimo cha Kiingereza ni milimita 68, thredi 24 kwa inchi, na vipuri vyake vinatengenezwa mpaka leo. Kiitaliano ni 70. Raleigh za zamani zaidi kutoka Nottingham zina mambo yao: thredi 26 kwa inchi, na bomba la 71 au 76. Ukikuta hizo, tafuta fremu nyingine. Kifaransa nacho ni 68, kwa hiyo upana peke yake hautoshi. Tazama maandishi kwenye kikombe, yaani kile kipande chenye thredi kinachoingia ubavuni mwa bomba hilo na kushika beringi. Kikiandikwa 1.37 x 24, furahi. Kikiandikwa 35 x 1, kaa chini ufikiri upya.

Nasema hivyo kwa sababu kabla ya Raleigh nilikuwa na baiskeli ya Kifaransa. Nzuri sana kuitazama. Kikombe chake hakikupatikana popote. Hata shingo ya usukani ilinigomea, kwa kuwa bomba la foki lao linapokea shingo ya milimita 22.0 na dunia nzima sasa inatengeneza 22.2. Milimita 0.2 ni unene wa karatasi mbili za daftari. Nilikesha naisugua ile shingo kwa msasa. Leo baiskeli hiyo anaiendesha mpwa wangu ikiwa na vipuri vyake vya kuzaliwa, na inamfaa.

Kipimo cha tatu ni nafasi ya nyuma, baina ya midomo miwili inayoshika ekseli ya gurudumu. Ya gia tano huwa milimita 120, ya gia sita au saba huwa 126. Magurudumu ya mbio ya gia nane hadi kumi na moja, yenye breki za kubana rimu, yanataka 130. Yangu ilikuwa 126.

Kuipanua fremu

Tofauti ni milimita nne, na wengi hawahangaiki: wanaivuta midomo kwa mikono wanachomeka gurudumu. Inakubali. Lakini kila pancha inakuwa mieleka, na midomo haikai sambamba, kwa hiyo ekseli inabanwa kwa kupinda. Mimi nikaona bora kuipanua mara moja, milimita mbili kila upande.

Kwanza kamba. Funga uzi mwembamba kwenye mdomo wa kushoto, upeleke mbele uzunguke bomba la kichwa, urudi hadi mdomo wa kulia, ukaze. Pima toka uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Andika namba ukutani kwa penseli, usiamini kichwa chako.

Kisha nililaza fremu ubavu, nikapitisha mbao ya mbili kwa tatu katikati ya mabomba ya nyuma, nikaegemea kidogo kidogo upande mmoja tu. Chuma kinarudi. Unakipeleka milimita tano kinakurudishia nne, na mara ya kwanza unadhani hakuna kilichotokea. Sukuma, achia, pima. Sukuma, achia, pima. Upande wa kwanza ulinichukua karibu saa nzima, wa pili dakika kumi kwa sababu mikono ilishajua. Usitumie bolti ndefu kusukuma pande zote mbili kwa mpigo: upande dhaifu utakwenda wote na ule mwingine utabaki unakucheka. Ukimaliza, kagua kiungo kidogo kinachobeba breki ya nyuma, kama rangi yake haijapasuka.

Kagua pia sikio linaloshika gia ya nyuma, yaani ule mkono unaohamisha cheni, maana baiskeli ya mtumba imeangushwa mara nyingi, na huangukia hapo. Fundi wangu alinionyesha njia isiyohitaji kifaa cha kununua. Thredi ya sikio hilo ni milimita 10 kwa 1, na ekseli nyingi za nyuma za kufungwa kwa mkono zina thredi hiyohiyo. Chukua gurudumu jingine la nyuma, skrubu ekseli yake ndani ya sikio, halafu tazama rimu mbili zilivyokaa. Zikiwa sambamba juu, chini na pembeni, sikio ni zima. Zikipishana, tumia gurudumu lenyewe kama mkono wa kunyooshea, polepole.

"Mwalimu," aliniambia, "hapo usitumie nguvu za mtihani wa taifa."

Magurudumu, na balaa la namba 28

Fedha yako ya kwanza ipeleke huku. Rimu za zamani za chuma cha kromu zinang'aa, ila zikilowa breki zinateleza tu, na Kilimanjaro masika ni masika. Rimu ya alumini peke yake itakufanya uone kama umenunua breki mpya.

Tairi za Raleigh yangu zilikuwa za inchi 27, na kuzipata siku hizi ni kazi. Za leo ni 700C. Kipimo kisichodanganya ni kile cha milimita kilichoandikwa ubavuni: inchi 27 ni 630, 700C ni 622. Na ukiomba dukani "ishirini na nane", utapewa tairi ya baiskeli ya mizigo kama Phoenix, ambayo ni 635. Wakati huohuo kuna tairi za 700C zilizoandikwa 28 kwenye pakiti. Usibishane na muuzaji, soma 622 kwa macho yako. Mimi nilifunga za upana wa milimita 28. Kama barabara yako ina kokoto na foki ina nafasi, weka 32.

Rimu mpya ni ndogo kwa milimita 8 kwenye kipenyo, yaani milimita 4 kwenye nusu kipenyo. Mpira wa breki lazima ushuke kiasi hicho. Pima toka katikati ya tundu la bolti ya breki hadi katikati ya njia ya mpira kwenye rimu. Kwangu ilikuwa 48, ikawa 52. Breki za kawaida za leo zinafika 39 hadi 49, hazitoshi. Ulizia zenye mikono mirefu, za 47 hadi 57; mimi nilifunga Tektro R539. Breki hizi zinafungwa kwa nati ya kujificha yenye kipenyo cha milimita 8, na tundu la zamani ni la bolti ya 6. Toboa upanue ukuta wa nyuma tu wa foki. Ukuta wa mbele uache kama ulivyo, la sivyo breki itacheza maisha yake yote.

Kwa nini gia nane

Vijana wataniuliza kwa nini nisiweke kumi na moja. Kwa sababu naishi Moshi. Cheni ya gia nane naipata mjini, ni ya bei nafuu, inavumilia vumbi, na baiskeli za milimani za mtumba zinazoletwa huku zimejaa kaseti (seti za sproketi za nyuma) na gia za nyuma za Shimano zinazoelewana nayo. Gia za nyuma za Shimano za nane na tisa, ziwe za mbio au za milimani, zinavutwa na waya kwa kiasi kilekile. Hivyo nilichukua mikono ya breki yenye gia ya Shimano Claris, nikaiunganisha na gia ya nyuma ya baiskeli ya mlimani, ambayo inamudu kaseti ya meno 11 hadi 32. Gia ya mbele ni habari nyingine. Ya milimani haiendani na mikono ya mbio, kwa hiyo nunua ya familia moja na mikono yako.

Mbele nikaweka sproketi za 50 na 34. Hesabu tena: 34 kwa 32 ni kama 1.06, mara mzingo wa mita 2.14, unapata mita 2.3. Nilipoiona namba hiyo ubaoni nilicheka peke yangu.

Usukani wa zamani haukuwa na tatizo. Mikono mipya ilikaa bila kulazimishwa. Pale kwenye bomba la mshazari, linaloshuka toka usukani hadi pedali, palipokuwa na vishikio vya gia za zamani, fungia vizuizi vya waya vyenye skrubu ya kurekebishia. Na ganda la waya usichanganye. La gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka ndani. Ukilifunga kwenye breki linaweza kupasuka siku utakapobana kwa nguvu zote, na siku hiyo ndiyo unayolihitaji. La breki ukilifunga kwenye gia, gia hazitulii.

Urefu wa cheni: ipitishe sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye gia ya nyuma, vuta ikutane, kisha ongeza vipingili viwili.

Ekseli ya pedali

Niliiacha mwisho hapa kwa sababu iliniaibisha. Upande wa cheni, kwenye baiskeli ya Kiingereza, thredi imegeuzwa: unafungua kwa kuzungusha kwenda na saa. Nilijua. Nimewahi hata kuwafundisha watoto habari za mwelekeo wa mzunguko. Bado nilitumia mchana mzima na spana iliyorefushwa kwa bomba la maji, nikikaza kikombe kilichokuwa kimekazwa na Mwingereza miaka thelathini na kitu iliyopita. Fundi alikuja jioni, akatazama, akauliza tu kama nimekula.

Kilichokitoa ni bolti nene na nati. Pitisha bolti katikati ya kikombe toka nje, weka wosha pana kila upande, kaza nati kwa ndani mpaka kikombe kibanwe kama mkate, kisha zungusha kichwa cha bolti kwenda na saa. Bolti inajikaza yenyewe zaidi na kikombe kinatoka nayo. Miminia mafuta mepesi usiku uliotangulia. Ekseli mpya ya kufungwa, yenye beringi ndani, inaingia kwa dakika tano, ila urefu wake lazima ulingane na ule sproketi zako zinaoutaka. Urefu umeandikwa kwenye maelezo ya sproketi. Yangu ya kwanza ilikuwa ndefu mno, cheni ikawa inalia kwenye gia nyepesi kama mlango wa ghala, nikalipa mara mbili.

Paka grisi kila thredi. Ncha za mraba za ekseli zifute tu ziwe safi, halafu kaza bolti za mikono ya pedali. Mikono hiyo hujikalia vizuri zaidi baada ya kubeba uzito. Nenda Himo, rudi, uzikaze tena kabla hujaupanda mlima.