Somo: Kuzielewa dawa za mitishamba za Kichina na kuzitumia bila kujidhuru

Somo hili ni la mtu ambaye tayari ana pakiti ya dawa ya Kichina mkononi, au ambaye ameshauriwa aende kliniki ya Kichina na anataka kujua la kuuliza kabla hajatoa fedha zake. Simkatazi anayezitumia, wala sizinadi. Dawa hizi zina elimu yake, nayo ni pana na ya zamani, lakini neno "asili" lililoandikwa kwenye boksi halimkingi mtu na lolote. Kinachomkinga ni kujua mmea ni upi hasa, umeandaliwaje, unatumika kwa kiasi gani na kwa muda gani, na anayeutumia anameza dawa gani nyingine.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba dawa ni fomula

Ni nadra tabibu wa Kichina kumpa mgonjwa mmea mmoja peke yake. Hupanga fomula ambayo kila kiungo kina cheo chake: mfalme, waziri, msaidizi na mjumbe. Chukua mfano wa Mahuang Tang, iliyorekodiwa na tabibu Zhang Zhongjing takriban miaka 1,800 iliyopita, mwishoni mwa enzi ya Han. Ina vitu vinne tu. Mahuang, mmea ulioipa fomula jina lake, ndiyo mfalme, kwa kuwa ndiyo inayotoa jasho na kufungua kifua. Vijiti vya mdalasini huisaidia kutoa jasho. Kokwa chungu za aprikoti hutuliza kikohozi. Na gancao, mzizi mtamu unaowekwa katika fomula nyingi sana, huupatanisha mchanganyiko mzima. Fomula hii hupewa mtu mwenye homa na baridi ambaye hatoki jasho, tena kwa muda mfupi.

Mahuang ina efedrini, kemikali inayopandisha shinikizo la damu na kuharakisha mapigo ya moyo. Nchini Marekani iliondolewa katika fomula yake, ikauzwa kwa wanaotaka kupungua uzito na kwa wanamichezo waliotaka nguvu, wakaimeza mfululizo pasipo mtu wa kuwaangalia. Yalipotokea mashambulio ya moyo, viharusi na vifo, serikali ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini hiyo mwaka 2004. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kipimo, muda na mtu aliyepewa.

Hatua ya pili: hakikisha mmea ni wenyewe

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu kosa la hatua hii haliponyeki kwa kuacha dawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa figo mjini Brussels, Ubelgiji, walianza kupokea wanawake ambao figo zao zilikuwa zikiharibika kwa kasi isiyo ya kawaida. Ilibainika kuwa walikuwa wametumia vidonge vya kupunguza uzito vilivyochanganywa na mitishamba ya Kichina. Kiungo kimoja kilichokusudiwa kilikuwa mzizi wa Stephania tetrandra, unaoitwa hanfangji. Uliotiwa ulikuwa mzizi wa Aristolochia fangchi, unaoitwa guangfangji. Sokoni yote miwili huweza kuitwa fangji tu, na ikishakatwa vipande na kukaushwa, jicho la kawaida haliwezi kuitofautisha. Walioathirika walizidi 100. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baada ya kuacha vidonge hivyo.

Sumu yenyewe ni asidi ya aristolokia, ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. China nayo iliiondoa guanmutong, mmea mwingine wenye sumu hiyo, katika matumizi mwaka 2003, kisha ikaondoa guangfangji na qingmuxiang. Kwa hiyo omba orodha ya viungo yenye majina ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini pamoja na majina ya kisayansi. Ukikutana na guanmutong, guangfangji, qingmuxiang, madouling, au jina lolote la kisayansi linaloanza na Aristolochia, usiitumie dawa hiyo hata kama aliyekupa ni mtu unayemwamini. Na kama muuzaji hawezi au hataki kukupa majina, huna sababu ya kununua.

Hatua ya tatu: uliza imeandaliwaje, nawe uichemshe ipasavyo

Mizizi ya fuzi ikiwa mibichi ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo na inayoweza kuua. Wachina huiloweka, huichemsha na kuikausha kwa utaratibu maalumu ndipo itumike, na hata baada ya hapo huchemshwa peke yake kwanza, kwa saa nzima au zaidi, kabla ya viungo vingine kuongezwa. Ganzi ya midomo na ulimi baada ya kunywa ni dalili ya sumu hiyo. Atakayeihisi aende hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mchanganyiko wa kawaida, tumia chungu cha udongo au sufuria isiyoshika kutu, si ya alumini, shaba wala chuma cha kawaida. Loweka kwa nusu saa katika maji baridi yanayofunika viungo kwa kina cha vidole viwili, chemsha, kisha punguza moto na uache itokote taratibu. Chuja, ongeza maji, chemsha mara ya pili, halafu changanya michuzi yote miwili na uigawe katika vikombe vya asubuhi na jioni. Nanaa na viungo vingine vyenye harufu hutiwa dakika tano za mwisho, kwa sababu mafuta yake hupotea na mvuke.

Hatua ya nne: soma boksi

Dawa iliyosajiliwa nchini China huwa na maneno ya Kichina yanayosomeka Guoyao Zhunzi, yakifuatwa na herufi moja na tarakimu nane. Herufi Z humaanisha dawa ya jadi ya Kichina, na H ni dawa ya kemikali. Bidhaa yenye alama ya kofia ya buluu ni chakula cha kuongeza afya, na sheria ya China yenyewe haiitambui kuwa dawa, hata muuzaji wa huku akisema inatibu maradhi arobaini.

Hata hivyo herufi Z haimaanishi mitishamba mitupu. Xiaoke Wan, vidonge vya kisukari vinavyofahamika sana China, vina glibenklamidi, ileile inayotolewa hospitalini. Mgonjwa akizimeza zote mbili, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Ganmaoling ya mafua, ile ya chengachenga, ina parasetamoli, na anayeongeza Panadol juu yake anazidisha kipimo bila kujua, huku ini likibeba mzigo huo.

Hizo angalau zimeandikwa. Zipo ambazo hazijaandikwa: vidonge vya kupunguza uzito vilivyokutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo, vya nguvu za kiume vilivyokutwa na sildenafili, na vya maumivu ya viungo vilivyotiwa steroidi. Maumivu ya miaka mingi yakikatika kwa siku moja, itilie shaka dawa hiyo.

Hatua ya tano: mwambie daktari wako

Mitishamba ya danshen na danggui huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa akaanza kutoka damu. Gancao ikitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu, jambo la hatari zaidi kwa anayetumia dawa za kukojoza. Heshouwu, inayosifiwa kwa kurudisha weusi wa nywele, imewaharibu ini watu kadhaa. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mkojo kupungua, au uvimbe wa miguu na uso, acha dawa na uende hospitali ukiwa na boksi lenyewe, kwa kuwa daktari hawezi kukisia kilichomo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tumepanda artemisia nyumbani. Kama dawa mseto ya malaria imetokana na mmea huo, kwa nini tusinywe chai yake?

Jibu: Ndugu yangu, mmea ni huohuo, ila safari kutoka jani hadi kidonge ni ndefu. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yaliyoelekeza kuloweka qinghao, yaani artemisia hiyo, katika maji na kuikamua, akatambua kuwa huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu. Mwaka 1971 alitumia etha, inayochemka kwa joto dogo, akafanikiwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kiasi cha artemisinini, kemikali inayoua vimelea vya malaria, katika majani hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na kipimo pungufu huwaacha vimelea hai na kuwapa nafasi ya kuzoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai hiyo kwa malaria. Pimeni, kisha mmalize dozi ya dawa mseto.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina ujauzito wa miezi minne, na mama mkwe ameniletea unga wa Kichina wa kuongeza damu. Nitamkatalia vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Huna haja ya kumkatalia kwa ukali. Mwombe mwende naye kliniki ya wajawazito mkiwa na pakiti hiyo. Vitabu vya Wachina wenyewe vinawakataza wajawazito viungo vingi, honghua na taoren vikiwamo, kwa hiyo hutakuwa umeidharau tiba yao wala zawadi yake. Usiutumie unga huo kabla haujaonwa, na endelea na vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa.

Swali: Baba ana kisukari, na kuna kliniki hapa Dar es Salaam imempa vidonge ndani ya chupa isiyo na maandishi. Sukari imeshuka vizuri sana. Tuendelee?

Jibu: Msiendelee. Sukari kushuka vizuri sana kwa vidonge visivyo na jina ndiyo sababu ya kuhofu, hasa kama bado anameza na vya hospitali. Mpimeni sukari leo, na usiku pia. Akitoka jasho jingi, akitetemeka au akichanganyikiwa, mpeni maji ya sukari iwapo anaweza kumeza, kisha mkimbizeni hospitali. Chupa msiitupe. Ipelekeni kwa daktari wake, na toeni taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Iulizieni pia kliniki hiyo katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo ndilo linalosajili watoa huduma wa aina hii nchini.